Mlango wa Uchochoroni

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita mwalimu wao wa uraia aliagiza kila mwanafunzi abuni nchi, aipe jina, aitungie sheria moja, kisha aitetee mbele ya darasa. Yeye nchi yake akaiita Tangamano, na sheria yake akaiita Sheria ya Nyumba ya Ukoo. Alinisomea jioni barazani, mimi nachambua dagaa kwenye ungo, mama yangu ameketi mkekani, macho ameyafumba lakini masikio yako wazi.

Kifungu cha kwanza: mtu hatapewa kiwanja nje ya mpaka wa mji ikiwa nyumba ya wazazi wake ndani ya mji ina nafasi. Cha pili: nyumba wanamoishi vizazi vitatu haitalipa kodi ya majengo. Cha tatu: nyumba ya ukoo haiuzwi wala haibomolewi mpaka ukoo ukae kikao na walio wengi wakubali. Cha nne: mashamba na mabonde yanayouzunguka mji hayatajengwa kamwe.

"Shangazi, unaionaje?"

Nikamwambia ni nzuri. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Sheria hiyo ingekuwa ya kweli mwaka 2007, mimi na mume wangu tungekuwa wavunja sheria. Na kama ingetuzuia kweli, basi siku baba anakata roho mimi ningekuwa chumba cha pili, si barabarani. Mambo hayo mawili nimeyageuzageuza kwa siku nyingi, ndiyo maana naandika.

Nyumba yetu iko Ujiji na aliijenga babu mzaa baba. Mbele ina baraza. Ukivuka mlango mkubwa unaingia ukumbini, vyumba 3 kushoto, vyumba 3 kulia, na mwisho kuna mlango wa kutokea uani. Uani kuna banda la vyumba 4, jiko, bafu, choo na mwembe mmoja mkubwa. Ukuta umezunguka kote. Ujiji ni mji wa zamani. Misafara iliyotoka pwani ikapitia Tabora ilikuwa inaishia hapa ziwani, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914 na kuivutia biashara bandarini. Mtaani kwetu wengi asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa. Baba alikuwa akisema nyumba zetu zimebanana namna ile kwa sababu aliyeteremka kwenye mtumbwi usiku alihitaji pa kuegemeza ubavu kabla hajaulizwa jina.

Nilizaliwa humo mwaka 1971. Nikiwa na miaka 10 nilihesabu watu waliolala siku ile, nikapata 19. Tulikula kwenye masinia mawili, la wanaume na la wanawake na watoto, ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Shangazi yangu mjane ndiye aliyenifundisha kununua dagaa wabichi: kuwashika, kuwanusa, kutazama tumbo kama limepasuka, kujua watakauka kwa siku moja ya jua au watavunda. Hakuna shule iliyonifundisha kazi hiyo, nayo ndiyo iliyosomesha wanangu. Mtoto katika nyumba ya watu 19 hujifunza bila kujua kwamba anafundishwa, kwa sababu kila saa kuna mtu mzima anafanya jambo mbele yake.

Niliolewa mwaka 1995. Mume wangu ni Muha wa Kasulu, alikuja Kigoma kutafuta kazi akapata ya kupakia na kupakua bandarini. Tulipanga chumba Mwanga. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, baba akaniita, akasema, "Mwanangu, vyumba viwili vya banda viko wazi. Hiyo kodi mnampa nani?" Tukahamia.

Miaka 12 tulikaa pale. Hakuna siku mume wangu alitukanwa, wala kunyimwa chakula, wala kuulizwa anachangia nini. Baba alimpenda. Hata hivyo nilimwona akinyauka, na nilichelewa sana kuelewa kwa nini.

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Baba hakutaka mwingine. Alisema nyumba ya mlango mmoja haiibiwi. Kwa hiyo mume wangu, kila alipotoka na kila aliporudi, alipita barazani alipokaa baba mkwe, akapita ukumbini mlango wa chumba cha mama mkwe ukiwa wazi, ndipo afike uani. Akiwa na mfuko, mfuko ulionekana. Akija mikono mitupu, mikono ilionekana. Meli ikichelewa kupakuliwa alirudi saa 8 za usiku, akagonga, na aliyeamka kumfungulia ni baba, mzee wa miaka 60 na zaidi, na kikoi chake na tochi. Mwanamume mzima anamwamsha mkwewe usiku ili aingie kulala na mkewe. Watu wa huku wanaelewa uzito wake bila mimi kueleza zaidi.

Halafu choo kimoja. Asubuhi unasimama na ndoo yako, anatoka mama mkwe. Mume wangu akaanza kuamka saa 10 alfajiri ili asikutane na mtu. Kisha akawa anasubiri akaoge kazini. Mwaka 2007 akaniambia amepata kiwanja upande wa Mwandiga, nje ya mji, na sikubishana naye.

Kiwanja kile kilikuwa shamba la michikichi. Mwenye shamba aliuza kipande kipande, kwa karatasi ya kuandikiana na mashahidi wawili, kama walivyouziwa majirani zetu wote. Katikati ya kiwanja chetu ulisimama mchikichi unaozaa. Msingi ulikuwa upite pale pale, tukaukata. Nakumbuka mwenye shamba alikuja kuchukua kilele chake akakiangalia kwa muda, hakusema neno. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kampeni kubwa ya kufufua michikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, nilikuwa nikiusikia ule mchikichi wetu ukianguka. Eneo lile lote sasa ni mabati. Kifungu cha nne cha binti yangu sina neno nalo, na kingekuwapo ningekishukuru hata kama kingenigharimu.

Tulihamia nyumba haina dari wala plasta, madirisha tumeyaziba kwa matofali nusu. Hilo halikunisumbua; ndivyo watu wote wanavyoanza. Yaliyonisumbua sikuyatarajia.

La kwanza maji. Nyumba 11 tulichangishana tukachimba mtaro na kulaza bomba zaidi ya kilomita moja mpaka kwetu. Siku tunafukia nilimwambia mume wangu: Ujiji bomba la urefu huu linapita mbele ya nyumba zaidi ya mia. Huku nyumba 11. Na likipasuka, wa kulitengeneza ni sisi sisi. Nguzo za umeme zilikuwa hivyo hivyo, barabara hivyo hivyo. Mvua za masika zilipokata njia, gari la mgonjwa lilikuwa linasimama chini, mgonjwa anashushwa kwa machela ya mti. Mji ukitawanyika, kila kitu kinarefuka isipokuwa mfuko wa anayelipa.

La pili kazi yangu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, na bei nzuri iko kwa anayefika mwaloni kabla jua halijachomoza. Nikiwa Ujiji tulikuwa wanawake 6 wa mtaa mmoja, tunakodi gari moja mpaka Kibirizi, tunacheka njia nzima. Kutoka Mwandiga nilipanda bodaboda peke yangu saa 10 usiku, na nauli ya kwenda na kurudi na mzigo ilikula sehemu kubwa ya faida. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wanapopumzika sikuwa na biashara, na sikuwa na mtu wa kumkopa unga kwa sababu majirani zangu nao walikuwa wageni kama mimi, kila mmoja anaficha upungufu wake.

La tatu watoto. Wakitoka shule walikuta kufuli. Wa pili alikuwa na miaka 8, ndiye aliyekuwa anampikia mdogo wake uji. Siku moja nilirudi nikakuta nywele zake za mbele zimeungua. Hakulia, alikuwa ameshazoea. Kuzoea kwake ndiko kulikoniuma.

Juu ya baba nitasema kwa ufupi. Mwaka 2014, mwezi wa pili, kaka alipiga simu saa 7 usiku kwamba mzee amebadilika. Mvua ilikuwa inanyesha na bodaboda zilikataa kupanda kwetu. Tukateremka kwa miguu mpaka lami, tukasubiri, tukapata lori la mkaa. Nilipofika barazani wanaume walikuwa wamekaa kimya, nikajua. Alikuwa ameuliza mara mbili kama nimefika.

Baada ya arobaini ikaja mirathi. Shekhe alikaa nasi ukumbini na daftari. Baba aliacha mjane, wana wawili na mabinti wawili. Mjane hupata thumuni, na kilichobaki hugawanywa mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Akapiga hesabu, akasema nyumba hii igawanyeni mafungu 48: mama yenu 6, mabinti 7 kila mmoja, wana 14 kila mmoja. Hesabu ilikuwa safi. Lakini mafungu 48 ya nini? Ukumbi ni wa nani? Mwembe je? Choo kimoja kinagawanywa vipi kwa 48? Mdogo wetu wa kiume, ambaye anaishi Dar es Salaam, alisema iuzwe, kila mtu achukue chake. Alikuwa na mnunuzi mkononi, mfanyabiashara aliyetaka kubomoa ajenge ghala. Siwezi kumlaumu. Yuko mbali, ana kodi ya nyumba ya kulipa kila mwezi, na 14 kati ya 48 ya nyumba asiyoishi haimnunulii mtu mchele.

Miaka miwili tulivutana. Mama akawa amedhoofu, shinikizo la damu, upande mmoja ukalegea. Dada yangu mkubwa na mke wa kaka walikuwa wanampokezana. Mimi nilikuwa nakuja na kurudi na bodaboda, nimechoka, nafika wakati ameshalala.

Mume wangu ndiye aliyesema turudi, si mimi. Jioni moja mwaka 2016 alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini, akasema, "Nitarudi kwenu. Lakini nina sharti."

Nikamwambia aseme.

"Nataka mlango."

Nilifikiri ningesikia habari ya pesa, au ya ndugu yangu fulani. Alitaka mlango. Ukuta wa uani nyuma ya banda umepakana na uchochoro unaotokea barabara ya pili. Aliufikiria ukuta ule kwa miaka 12 alipoishi pale na kwa miaka 9 tuliyokuwa mbali, na hakuwahi kutamka kwa sababu mgeni habomoi ukuta wa mkwewe. Nikalia, naye akashangaa nalia nini.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya swala. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuja kwa treni kutoka Tabora, alikuwa anamalizia Chuo cha Ardhi pale. Aliipima nyumba yote kwa tepu, akachora kwenye karatasi kubwa, akatueleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa analijua: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu watu kadhaa kumiliki ardhi moja, na fungu la kila mmoja likatajwa, likaandikwa, likarithiwa na watoto wake. Kwamba mafungu 48 ya shekhe yanaweza kukaa kwenye karatasi ya serikali bila tofali hata moja kuhama. Kabla ya hapo tulidhani kuna njia mbili tu, kuuza au kuendelea kunyamaza.

Mdogo wetu wa Dar es Salaam alisikiliza kwenye simu. Kilichomlainisha ni kuambiwa kuwa jina lake litaandikwa, na kwamba vyumba viwili vya mbele vitapangishwa na kodi iende kwake mpaka atakapoamua. Kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mambo ya upimaji na hati yalichukua muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, na kuna ofisi moja tulikwenda mara 7 kwa saini moja. Lakini yakaisha.

Mlango ulichukua siku 3. Fundi alivunja ukuta, akaweka lenta, akasimika fremu na mlango wa mninga. Mwezi uliofuata tukachimba choo cha pili na bafu pembeni yake. Mlango peke yake, mbao na fundi na saruji, haukufika shilingi laki 4. Nyumba ya Mwandiga ilitumeza mamilioni na ujana wetu. Tuliihama nyumba ya baba miaka 9 kwa kitu cha laki 4. Kila nikiufunga usiku nalifikiria hilo.

Mume wangu sasa anaingia na kutoka kwa mlango wake. Na ajabu, tangu apate pa kupita bila kuonekana, anakaa barazani. Zamani alikuwa hakai. Jioni utamkuta pale na kaka wanabishana juu ya mpira, mama anawasikiliza. Nyumba ya Mwandiga tumempangisha mwalimu.

Hayo yote ndiyo niliyomwambia binti wa kaka, Ijumaa iliyofuata baada ya kunisomea sheria yake, na kikao kikawa kikubwa kuliko alivyotegemea, kwa sababu kila aliyepita barazani alikaa.

Kifungu cha kwanza kilipigwa kutoka pande zote. Mume wangu alimweleza habari ya mama yake mzazi. Kule Uha watu walikaa mlimani, nyumba ya mzee katikati, za wanawe zimeizunguka, migomba inaziunganisha. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa ya mwanzo kuhamishwa kabla ya nchi nzima. Wakateremshwa barabarani, kila kaya kiwanja chake, nyumba kwa mstari. Shule ilikuja, zahanati ikaja, na mama mkwe wangu hakuwahi kuyakana hayo. Mume wangu alijua kusoma kwa sababu ya mstari ule. Lakini babu yake aliangukia mwanzo wa mstari, mwanawe mkubwa mwisho, na katikati watu wasiojuana. Waliowapanga walizihesabu kaya, na ukoo haukuwa kwenye hesabu. Akamwambia binti, "Nchi yako wewe inataka kuwarudisha pamoja, nia ni njema. Lakini nao walikuwa na nia njema. Muulize mtu kwanza anaondoka kwa nini, ndipo umkataze."

Mpwa wangu, sasa mpima kamili, akasema Singapore wamefika kwenye jambo hilo kwa njia nyingine. Hawamkatazi mtu. Tangu mwaka 2015 serikali yao inampa ruzuku anayenunua nyumba ili aishi na wazazi wake au karibu nao, na siku hizi karibu wameipimia kilomita 4. Binti akauliza kwa nini 4. Sikujua jibu la Singapore, ila la kwangu nilikuwa nalo: umbali ambao uji unafika kwa mama ungali wa moto. Mwandiga uji ulipoa.

Ndipo mama, ambaye tulidhani amelala, akafumbua macho akauliza, "Hiyo nafasi, ni nafasi ya godoro au ya mtu?"

Binti akaliandika swali hilo pembeni ya kifungu. Nadhani ndilo swali lenyewe. Mwaka 2007 afisa wa Tangamano angekuja kwetu akahesabu vyumba 10, akaona viwili vya banda, akaandika "nafasi ipo", akatunyima kiwanja. Na asingekosea hesabu. Angeongeza tu miaka mingine ya mume wangu kuamka saa 10 alfajiri kwenda chooni.

Kifungu cha pili nilikitetea mimi. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba yetu ina mita 3, ya ukumbini, ya vyumba vya wapangaji na ya banda, ili pasiwe na ugomvi wa nani kamaliza umeme. Nyumba moja tukakatwa kwenye mita zote 3, ikabidi kaka akafuatilie. Sheria iliiona mita, haikuuona ukoo. Kwa hiyo kama Tangamano wanataka vizazi vitatu vikae pamoja, waanze hapo, kwa kuacha kuwatoza watu gharama ya kukaa pamoja kwa amani.

Nikawakumbusha pia mwaka 2024, Tanzania ilipolifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mwenye kazi kama yangu hiyo ni miezi mitatu bila senti. Niliwaona wenzangu waliohamia pembezoni wakiuza vyombo vya ndani. Mimi sikuuza hata sufuria. Kaka alikuwa na mpunga wa bonde la Luiche, dada ana mshahara, vyumba vya mbele vina wapangaji. Ziwa lilipofunguliwa nilikuwa na mtaji wangu mzima, nami ndiye niliyelisha nyumba mpunga ulipoisha Desemba. Hakuna aliyekopa, hakuna aliyeandika deni. Hili ndilo linalonifanya niipende sheria ya binti pamoja na makosa yake yote.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amekaa mlangoni kimya, anamenya mihogo. Sote tulikuwa tumeongea. Akasema, "Mwanangu, katika sheria yako ni nani anapika?"

Kimya.

"Mmesema vizazi vitatu. Wewe umehesabu vitanda. Mimi nahesabu sahani. Asubuhi sahani 13, mchana 9, usiku 15. Mlango wamepata wanaume. Choo tumepata wote. Jiko ni lile lile, moshi ule ule, na mimi nina miaka 24 ndani yake."

Niseme ukweli wote. Nilipokuwa Mwandiga nikimlilia mama, wifi ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani. Niliporudi nilimpunguzia uuguzi, lakini jiko nilimwachia, kwa kisingizio cha dagaa. Mimi ni binti wa nyumba, yeye ni mke wa mwana, na desturi imetugawia kazi bila kutuuliza. Watu wanaosifu nyumba ya ukoo, nami nikiwa mmojawapo, mara nyingi ni wale ambao chakula huwakuta barazani. Wifi hakuwahi kutishia kuondoka. Ukuta wake aliufikiria kimya, kama mume wangu alivyoufikiria wake, na safari hii sikutaka kungoja miaka 21 mpaka mtu aseme.

Binti alifuta, akaandika upya. Kifungu cha kwanza sasa hakikatazi. Kinasema anayeomba kiwanja pembezoni ataulizwa kwanza nyumba ya kwao inakosa nini, na kikipatikana kwa gharama ndogo kuliko kiwanja, mji utamkopesha akijenge. Akaongeza kifungu cha tano: nyumba yenye watu zaidi ya 8 iwe na majiko mawili, na kazi zake ziandikwe ukutani kwa majina, ya kiume yakiwemo. Darasani kilichekwa kifungu hicho. Halafu mvulana mmoja akasimama akauliza, na kama mzazi mwenyewe ni mkatili, Tangamano itamrudisha mtoto humo? Binti alikosa jibu. Alikuja kuniuliza mimi, na nimemwambia mtu wa namna hiyo apewe kiwanja siku hiyo hiyo, bila swali, hata kama ni katikati ya michikichi.

Jiko la pili tumelipangia upande wa kulia wa mwembe, karibu na mlango wa uchochoroni ili moshi utoke. Ratiba imeshabandikwa ukumbini. Jumanne na Alhamisi ni zangu, Jumapili ni ya mume wangu na kaka, na Jumapili iliyopita ugali ulikuwa na mabuje lakini tuliula wote. Matofali 300 yamefika, yamepangwa uani. Saruji tunangoja mbalamwezi ipite, mitumbwi irudi majini.